Kichuguu cha Kija

Bariadi, 4 Septemba 2023

Kaka yangu Mayunga,

Mwadila kaka. Huku kwangu mhola, ila mguu unanisumbua nikisimama sana mgahawani. Habari za ng'ombe, habari za kisima, habari za mwili wako? Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Hizo nyingine ni heshima tu.

Simu yako haipatikani tangu tulipomaliza matanga ya wifi Kija. Nikadhani umeibiwa. Kaka Paschal akaniambia, "Haijaibiwa. Ameitumbukiza kwenye chungu cha mbegu, akafunika." Akasema pia kwamba huli, huogi, ng'ombe wanachungwa na majirani, na kutwa umekaa nyuma ya nyumba kwenye kile kichuguu alichokuwa akichuma uyoga marehemu. Anasema umerogwa. Ameshaongea na mganga, na mbuzi ameshapatikana.

Mimi nasema hujarogwa. Umefiwa. Mkeo ameanguka shambani na pamba bado iko mkononi. Mtu ambaye angekaa sawasawa baada ya hapo, huyo ndiye ningemtilia shaka.

Juzi redioni alikuwapo daktari. Anasema huzuni ikikaa ndani ya mtu ikagoma kutoka, ikamnyang'anya usingizi na chakula, ni ugonjwa. Unaitwa sonona, na una matibabu. Halafu akasema watafiti wanachunguza vyakula, na kimojawapo ni uyoga huu huu tunaokula. Wanafikiri huenda una kitu kinachosaidia. Alisema "huenda" mara nyingi, sikumwona kuwa mwongo. Nikamkumbuka wifi akiingia kwa mama masika, pindo la kanga limefungwa fundo, anasema, "Msiulize nimeutoa wapi, kaleteni chungu."

Njoo Bariadi, tuende hospitali. Jibu mpe konda wa basi la Mwanhuzi. Ananijua, supu yangu ya asubuhi anaimaliza yeye.

Mdogo wako,
Lukresia


Kimali, 13 Septemba 2023

Mdogo wangu Lukresia,

Mwadila. Barua nimeipata, na sukari pia. Wabeja. Mguu uukande kwa maji ya chumvi.

Mimi siumwi. Lile neno la redioni usiniandikie tena.

Simu nimeizima kwa sababu kila anayepiga ananiambia nijikaze. Nimejikaza mpaka taya zinauma. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza Kija alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa anapuliza kijiko kabla ya kunionjesha mchuzi, hata kama mchuzi umeshapoa. Akipika uyoga hafuniki chungu. Niliwahi kumuuliza sababu, akasema, "Umekaa gizani muda mrefu, uache usikie watu wanaongea."

Mganga alikuja. Nikamwambia mbuzi ni mzuri, amchukue aende naye. Kaka Paschal akasema, "Unatuaibisha." Nikamjibu, "Aibikeni basi. Mimi nimekaa."

Sasa amekuja na jambo jingine. Anataka tuvunje kile kichuguu, tufyatue matofali ya kujengea kaburi la Kija, maana udongo wa kichuguu ni mgumu, haupasuki. Anasema ni kumheshimu marehemu. Wewe unajua kwamba kila masika uyoga hutoka pale. Kija alikuwa anachuma nusu na kuacha nusu. "Nusu yetu, nusu yake." Na ule wa kwanza kutokeza hakuugusa kabisa. Sasa nivunje shamba lake ili nimjengee kaburi? Nimekataa. Nakaa pale kwa sababu nikiondoka majembe yatakuja.

Vijana wakipita na ng'ombe wananiita Mama Uyoga, maana huku mwanaume hachumi uyoga. Waite tu.

Bariadi siji.

Kaka yako,
Mayunga


Bariadi, 20 Septemba 2023

Kwako Mama Uyoga,

Mwadila. Usinune, nimekutania kwa sababu wewe ndiye uliyeniandikia jina hilo. Mguu nimeukanda, umepata nafuu. Umekula leo? Nini?

Kaka, nina swali. Ukikasirika ni sawa, mradi ujibu. Umewahi kufikiria kujiua?

Naliandika hivyo hivyo, halina njia ya kuzunguka. Nilikuwa na jirani hapa nyuma ya mgahawa. Nilimwona anakonda, nilimwona ameacha kusuka nywele, na kila siku tukaongea bei ya nyanya. Tuliongea bei ya nyanya mpaka tukamzika. Sitaki kuongea nawe habari za kisima.

Nimekuwekea pakiti ya uyoga mkavu. Unauzwa na Nasrin, mwenye duka la vyakula mkabala na mimi. Anauotesha bandani kwenye maganda ya mbegu za pamba. Sisi tunalima pamba maisha yote, kumbe maganda yake yanazaa mboga. Najua si wa Kija. Lakini unatafunika.

Na jambo moja zaidi. Masika yakifika, ni nani Kimali nzima anayejua kuacha ule wa kwanza? Si Paschal. Si hao vijana. Ni wewe peke yako. Kwa hiyo masika lazima yakukute.

Nijibu.

Lukresia


Kimali, 2 Oktoba 2023

Mdogo wangu,

Mwadila. Nilikaa na barua yako, nikaiweka, nikaichukua tena.

Jibu ni ndiyo. Ilikuwa mwezi wa nane, alfajiri. Nilinyanyuka nitoke nje, nikamkuta yule fahali mwekundu amelala amebana mlango. Nikamsukuma, hakusogea. Nikampiga teke, akanitazama tu, anacheua. Nikakaa chini nikamwegemea mpaka jua likatoka. Sijamwambia mtu. Sasa nimekuambia wewe, na mkono haujadondoka.

Uyoga wa Nasrin nimeupika. Mwambie namshukuru, ila ni kama kutafuna ndala ya mtu aliyetembea kutoka Maswa. Lakini niliumaliza. Sikufunika chungu.

Nitakuja hospitali. Usidhani nimelikubali lile neno lako. Nakuja kwa sababu umeuliza. Wewe mwapishe kaka Paschal asiguse kichuguu nikiwa huko. Mimi hawezi kuniapia, anasema sina akili za kuapiwa.

Niandalie michembe, vile viazi vikavu vya kwetu.

Kaka yako,
Mayunga


Kimali, 30 Oktoba 2023

Lukresia,

Leo salamu nitaziweka mwishoni, nisamehe.

Nilishuka kwenye basi nina furaha kidogo, nikuambie ukweli. Vidonge viko mfukoni, na maneno ya yule daktari ninayo kichwani. Nilimpenda alivyokujibu ulipomuuliza habari za uyoga: "Ale, ni chakula kizuri. Utafiti bado unaendelea, siwezi kumwandikia uyoga badala ya vidonge. Na asioufahamu, asiule." Mtu asiyejua akisema hajui, namwamini kwa yale anayoyajua.

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Kichuguu hakipo. Kimekatwa kama mkate, kimebaki kisiki kinachofika magotini. Kule kaburini matofali mabichi yamepangwa juani, yamefunikwa nyasi vizuri, kana kwamba ni zawadi.

Nilimfuata kaka Paschal zizini kwake.

"Ulimwapia Lukresia," nikasema.

"Niliapa sitavunja. Mimi sijavunja. Vijana ndio waliovunja."

"Majembe waliyapata wapi?"

Halafu akapandisha sauti. "Mayunga, mkeo amelala kwenye udongo mtupu kama mtu asiye na ukoo! Watu wanasema nini?"

"Mimi nilikuwa naye miaka yote hiyo, watu hawakuwapo. Waseme."

"Nani atakupikia uyoga? Mwenye kuupika hayupo."

Hapo nilitaka kumpiga, Lukresia. Nilimtazama mikono, ni mikono ya baba. Nikaondoka.

Nikafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, nikapakia matofali yote, nikayarudisha. Nimeyapanga kuzunguka kile kisiki, moja juu ya jingine, mpaka pale lilipokuwa likifika bega la Kija. Kijiji kizima kilitoka kutazama. Mmoja akapaza sauti, "Mzee, unawajengea mchwa nyumba?" Nikamwambia, "Naam. Na kodi hawalipi."

Chini ya kisiki mchwa bado wanatembea. Niliweka sikio. Wapo.

Vidonge nakunywa. Hata siku ile nilikunywa. Kaburi la Kija litabaki la udongo. Atakayeleta tofali pale atakutana na mimi.

Sasa salamu. Mguu unaendeleaje? Michembe ilikuwa mitamu.

Kaka yako,
Mayunga


Bariadi, 21 Novemba 2023

Kaka mpendwa,

Mwadila. Mimi sijambo, hasira tu ndiyo haijapona. Nilimpigia kaka Paschal, nikamwambia kiapo cha mtoto wa baba yetu kimekuwa cha kutumia mikono ya wenzake. Aliniambia, "Wewe ni mwanamke, hujui uzito wa kaburi." Nikamwambia mimi ni mwanamke, na nimewaosha mama na wifi kwa mikono hii. Uzito gani nisioujua? Akakata simu. Nadhani alikuwa analia, lakini kwake utasikia ni mafua.

Nasrin nilimsimulia habari zako, bila mambo ya ndani. Akasimama katikati ya duka. "Dada Lukresia, hiyo ni biashara! Nitaandika kwenye pakiti: Uyoga, Tiba ya Sonona. Kaka yako aseme tu ulimponya, tumpige picha amekaa kwenye kichuguu." Nikamwambia kaka yangu anasema uyoga wako ni ndala. Akacheka, akasema ndala hatutaiandika.

Si mtu mbaya, anawalisha watoto peke yake. Na mimi, nisikufiche, nilijiuliza: ikiwa mtu mwingine huko Itilima amekaa kama ulivyokuwa umekaa wewe, akaona pakiti akapata tumaini, kuna ubaya gani? Nimemwambia nitakuuliza.

Tarehe ya kurudi kwa daktari usisahau. Nimekutandikia kitanda kile cha dirishani.

Mdogo wako,
Lukresia


Kimali, 10 Januari 2024

Mdogo wangu Lukresia,

Mwadila, na heri ya mwaka mpya. Mvua za vuli zilikuwa chache lakini mtama umeshika. Fahali mwekundu anakusalimu, amenenepa, mlango wangu bado anaubana.

Jibu la Nasrin ni hapana. Umwambie kwa upole, ukirudia mara ya pili usiwe na upole.

Umeniuliza kuna ubaya gani. Wiki iliyopita alikuja hapa mtu anaitwa Salu, ametoka Migato kwa baiskeli. Mkewe amefiwa na mtoto, haongei. Amesikia kuna mzee Kimali amepona kwa uyoga. Akanishika mkono akaniuliza, "Baba, ni uyoga upi?" Alikuwa na mfuko mtupu begani wa kubebea.

Ningemjibu nini? Nikamkalisha. Nikamwambia mimi nakunywa vidonge vya hospitali. Naenda kwenye kichuguu asubuhi na kurudi. Nakula uyoga mkavu wa Bariadi, mbaya lakini nakula. Na nina mdogo wangu ananiandikia barua za matusi. Kati ya hayo sijui ni lipi lililoninyanyua, na anayesema anajua anauza kitu. Nikampa jina la hospitali na jina lako. Nikampa pia uyoga uliobaki, maana mtu hawezi kurudi Migato na mfuko mtupu. Nikamwambia ni mboga. Ampikie, asifunike chungu, waongee.

Angekuja kwenye pakiti ya Nasrin angenunua tiba, mkewe asingeinuka, angedhani hata tiba imemkataa. Sitaki jina langu liwe hapo. Jina la Kija ndiyo kabisa.

Mchwa wameanza kuziba nyufa kati ya matofali. Wanapaka udongo wao mwekundu, laini kama wa kuta za mama. Hawajaniuliza nani alivunja. Wanajenga tu.

Vijana bado wananiita Mama Uyoga. Siku hizi naitika.

Kaka yako,
Mayunga


Bariadi, 25 Machi 2024

Kaka,

Mwadila. Masika yameingia, barabara ya huko imeharibika lakini basi linapita. Konda anakuja kwangu kila asubuhi mikono mitupu. "Leo hakuna, mama." Hukumpatia barua mwezi wote huu. Kwa daktari hukutokea.

Nilikuambia masika lazima yakukute. Sasa yamekukuta, na mimi silali. Nawaza uyoga haukutoka. Nawaza umekaa pale kwenye matofali unangoja kitu ambacho mimi ndiye niliyekuambia ungoje. Sikukuambia la kufanya kisipokuja.

Kaka, uyoga haukuwa sharti. Lilikuwa neno tu la kukushika shati. Kisitoke kitu pale mpaka mwisho wa dunia, mimi bado nakutaka.

Ikifika keshokutwa bila jibu, napanda basi, na mguu wangu huu.

Lukresia


Kimali, 26 Machi 2024

Mdogo wangu Lukresia,

Mwadila, na usipande basi. Konda ananisubiri naandika, anapiga honi kama ana harusi, kwa hiyo utaniwia radhi kwa mwandiko.

Nipo.

Uyoga haukutoka. Mvua ilinyesha kama miaka yote, nikaenda asubuhi na mapema, nikakuta tofali zimelowa na mchwa wanatembea, basi. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Nikaacha kwenda. Nikalala. Vidonge nilikunywa nikiwa nimelala, maana nilikuahidi, lakini kunyanyuka sikuweza. Daktari ndiyo hivyo nikampita. Nitakwenda wiki hii.

Juzi, siku ya gulio, nikasikia kelele njiani. Vijana wanapiga mbinja, wanaimba, "Baba Uyoga! Baba Uyoga!" Nikajua si mimi, mimi ni mama. Nikachungulia dirishani. Ni kaka Paschal. Amevua pama lake, amelibeba mbele kwa mikono miwili kama bakuli, limejaa uyoga. Amepita nalo katikati ya gulio, Lukresia, mbele ya wazee wote aliokuwa akiogopa watasema nini. Upara unang'aa kwa mvua.

Akaingia, akaliweka pama kitandani kwangu. "Kula," akasema. "Kula, usituchoshe. Nimeuchuma mwenyewe. Mwingi, na mkubwa kuliko wa mkeo."

Nikautazama. Nikauliza, "Umeutoa wapi?"

"Pembeni ya zizi langu, kwenye samadi."

"Kaka, huu Kija alikuwa anafukuza hata mbuzi wasiukaribie."

"Kwani hauliwi?"

"Tukiula, Kija atapata majirani wawili kesho. Na matofali yamekwisha, nimeyarudisha."

Akanitazama. Akalitazama pama lake. Akasema taratibu, "Na kama niliuonja njiani?" Nikaruka kitandani, nikamshika shingo, "Umeuonja?" Akasema, "Hapana, nauliza tu."

Lukresia, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Tangu pamba ile nilikuwa sijacheka, nilidhani kitu hicho wamekizika naye. Paschal akakasirika kwanza, akasema, "Nimejidhalilisha gulio zima unanicheka?" halafu naye akaanza, na akicheka anakohoa, unamjua. Fahali akasimama mlangoni kutazama watu wazima wamekuwaje.

Mwandikie Nasrin hilo kwenye pakiti yake: uyoga ulionisaidia masika haya ni ule usiolika, na tumeufukia shimoni.

Jioni tulikwenda wote kwenye kichuguu. Akakaa juu ya tofali alilolifyatua mwenyewe. Akauliza, "Utatoka lini sasa?" Nikasema labda mwakani, labda mchwa wameuhamisha, sijui. Akasema, "Nilikata ndani sana?" Nikasema ndiyo. Kesho yake nilimkuta pale kabla yangu, anaweka miiba kuzunguka ili mbuzi wasipande.

Uliniambia nisubiri masika. Nimeyasubiri, yamekuja mikono mitupu kama konda wako. Basi nasubiri ya mwakani. Na hayo yasipoleta kitu nitasubiri yanayofuata. Sikuombi ruhusa wewe, siwaombi mchwa, siiombi mvua. Ukitoka, wa kwanza ni wa Kija, nusu ni ya kichuguu, na kidogo nitamtumia mke wa Salu. Nasikia ameanza kuuliza bei za vitu gulioni. Usipotoka, nitakula ndala ya Nasrin. Nitumie pakiti mbili, Paschal anataka kuonja.

Simu nimeitoa kwenye chungu nikaiwasha. Lakini usipige. Andika.

Kaka yako,
Mama Uyoga